Meno ya eskaveta Gikondo: biashara inayoshikiliwa na pini

Eskaveta ya tani 20 inapochimba msingi wa ghorofa Kigali, kinachoigusa ardhi kwanza ni vipande vitano vya chuma vilivyovikwa kwenye mdomo wa baketi. Vyote pamoja havizidi kilo 30. Kila jino linashikiliwa na pini fupi kuliko kiganja cha mkono, na pini nayo inazuiwa na loki ambayo ikidondoka matopeni huioni tena. Mwenye mtambo atabishana bei ya jino hadi muuzaji achoke, kisha ataomba pini apewe kama nyongeza, au aseme ya zamani bado nzima. Hasara nyingi za kazi ya kuchimba huanzia kwenye sentensi hiyo ya mwisho.

Gikondo inaujua mnyororo huu tangu mzigo unaposhushwa hadi jino linapochakaa. Kwa miongo kadhaa bonde hilo la wilaya ya Kicukiro lilikuwa ndilo eneo la viwanda la Kigali. Palikuwa na viwanda, maghala ya forodha ya MAGERWA, uwanja wa maonyesho ya biashara, na kandokando yake karakana na maduka ya vyuma yaliyoishi kwa kuvihudumia vyote hivyo. Kisha serikali ikaamua kwamba kiwanda hakikai kwenye ardhi oevu. Viwanda vikaelekezwa Masoro, kwenye Eneo Maalumu la Kiuchumi la Kigali, majengo ya bondeni yakaanza kubomolewa, na ardhi oevu ya Gikondo, yenye zaidi ya hekta 150, ikaingizwa katika maeneo matano ya jiji yanayorejeshwa kwenye hali ya asili kwa mradi unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na washirika wengine. Nyandungu ilitangulia, bustani yake ilifunguliwa mwaka 2022.

Kwa hiyo eskaveta imerudi Gikondo kuchimba mabwawa palepale ilipokuwa ikitafutiwa spea. Lakini kazi hiyo haimnufaishi sana muuza meno. Udongo wa bondeni ni laini, na kwenye tope fundi hufunga baketi pana isiyo na meno kabisa, ili ikwangue bila kuchana. Soko la meno liko juu, vilimani.

Vilima vya Kigali vimejengwa juu ya miamba yenye kwatsi nyingi, na kwatsi ni adui mkali wa chuma. Katika kipimo cha Mohs cha ugumu wa madini, kinachokwenda mpaka 10, kwatsi iko kwenye 7. Chuma cha jino zuri, hata kikipikwa na kupozwa kwa ustadi, hakifiki hapo. Maana yake ni kwamba mwamba ndio unaokwangua jino, siku zote, na hakuna kiwanda duniani kinachouza jino lisilolika. Anayechimba udongo mwekundu wa juu anaweza kusahau kwamba ana meno. Akifika kwenye mwamba uliooza nusu, ule unaovunjika vipande vyenye ncha, ataanza kuhesabu. Kaskazini, Musanze, mawe ya volkeno yana ukorofi wa namna yake: hugonga zaidi kuliko kukwangua, na jino lililokazwa kupita kiasi hukatika kabla halijalika.

Mahitaji yapo na yanaongezeka. Uwanja mpya wa ndege wa Bugesera, ulioanza kujengwa mwaka 2017, umehamisha udongo kwa kiwango ambacho nchi hii haikuwahi kukiona. Barabara za Kigali zilikarabatiwa kabla ya mashindano ya dunia ya baiskeli ya Septemba 2025. Ongeza machimbo ya kokoto, migodi ya bati na wolframu, na mabwawa ya umeme kwenye mto Nyabarongo. Kila kazi kati ya hizo ina baketi, na kila baketi ina meno yanayopungua kila saa.

Jino lenyewe linatoka mbali. Orijino huja na jina la kampuni ya mtambo: Caterpillar, Komatsu, Volvo, Hyundai. Mbadala hutengenezwa na viwanda vingine kwa umbo lilelile na namba ileile, na sehemu kubwa yake inatoka China, hasa viwanda vya kumimina chuma vya Ningbo. Wanaoijua biashara hii hawaagizi kwa jina, huagiza kwa namba. Jino la Komatsu PC200 ni 205-70-19570, na kaunta nyingi humaliza kwa kusema “lete kumi na tisa, tano saba sufuri”. Pini yake ni 09244-02496. Jino refu la Caterpillar la mfumo wa J350 ni 1U3352. Angalia jambo moja hapo: pini ina namba yake. Kiwanda kimeihesabu kuwa bidhaa kamili. Tunaoifanya nyongeza ni sisi.

Safari ya mzigo huamua bei zaidi kuliko watu wanavyodhani. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kigali kupitia Rusumo ni karibu kilomita 1,500 za lami, na kutoka Mombasa ni zaidi ya hapo. Meno ni mzigo mzito usiokula nafasi. Kontena la futi 20 hujaa uzito kabla halijajaa ujazo. Ukichukua tani 20 na jino la wastani wa kilo 5, unapata meno 4,000, na kontena bado lina uwazi juu. Ni mfanyabiashara gani wa Kigali anaweza kufunga mtaji wake kwenye meno 4,000 ya saizi moja? Kwa hiyo wachache huagiza kontena zima. Wengi huchanganya jino na vyuma vingine, au hununua kwa mafungu kutoka Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga Nairobi, soko la Kisekka Kampala, au kwa mawakala wa Sharjah. Mpaka wa Gatuna, kati ya Rwanda na Uganda, ulipofungwa Februari 2019, njia ya Kampala ilibanwa hadi ulipofunguliwa tena mwishoni mwa Januari 2022, na wengi wakazoea Dar. Juu ya yote kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Katika mafungu hayo ndimo pini hupotea. Mnunuzi wa mafungu hutazama kilo. Pini ni nyepesi, faida yake kwa kipande ni ndogo, saizi zake ni nyingi na zinafanana. Rafu inajaa meno, na sanduku la pini lina za kubahatisha. Mteja anayechukua meno matano ya 19570 anaambiwa pini zake zimekwisha, “chukua hizi zinakaribiana”. Pini inayokaribiana hufunga siku ya kwanza.

Ili kuelewa kwa nini, tazama jinsi jino linavyokaa. Kwenye mdomo wa baketi kumechomelewa adapta, kipande kizito chenye pua iliyochongoka. Jino lina uvungu, nalo huvikwa juu ya pua hiyo kama jembe linavyovikwa kwenye mpini. Tundu la jino na tundu la adapta vikikutana, pini hupita. Nguvu ya kuchimba haipaswi kubebwa na pini hata kidogo. Inabebwa na pua ya adapta ikiwa imekaa sawasawa ndani ya jino. Kazi ya pini ni kuzuia jino lisichomoke baketi inaporudi nyuma, inapotikiswa kumwaga udongo, inapogongwa kwenye bodi ya lori. Kazi ya loki ni kuzuia pini isitoke. Pua ikishalika, jino hucheza, na mzigo uliokuwa wa pua unahamia kwenye pini. Pini haikuumbwa kwa hilo. Hupinda, hukatika, au hujisogeza taratibu mpaka itoke.

Namna za kufunga zinatofautiana, na hapa fundi anayehama kutoka mtambo mmoja hadi mwingine huchanganyikiwa. Kwenye mfumo wa J wa Caterpillar, pini huingia kwa ubavuni. Loki yake ni ringi iliyokatwa upande, nayo hulazwa kwanza kwenye kitundu kilicho ubavuni mwa adapta, jino likavikwa, ndipo pini ikapigwa kutoka upande wa pili hadi mfuo wake unaswe na ringi. Ukisikia mlio wa nyundo ukibadilika, imenasa. Mifumo mingine hutumia pini ya kusimama inayoingia kwa juu, na mingine hutegemea mpira uliobandikwa chuma, unaobanwa na kusukuma pini ikae. Mpira huo hufa kwa joto, kwa grisi na kwa umri. Mpira uliokwisha kubanwa mara moja ukatolewa haurudi ulivyokuwa. Ndiyo sababu watengenezaji wanashauri jino jipya lifungwe kwa pini mpya na loki mpya. Muuzaji akisema hivyo anaonekana mwenye tamaa, kumbe safari hii anasema kweli.

Na uchafu? Mchanga ukibaki kwenye kitundu cha ringi, ringi haikai, pini inaonekana imeingia kumbe haijanaswa. Kusafisha kunachukua dakika moja na msumari mmoja. Sidhani kama kuna dakika yenye thamani zaidi katika kazi nzima ya ujenzi.

Jino likidondoka, opereta mara nyingi hajui. Anaendelea na meno manne, na pua ya adapta iliyobaki wazi inachimba mwamba kwa chuma ambacho hakikutengenezwa kwa kazi hiyo. Baada ya muda mfupi pua imekwisha umbo, na jino jipya halitakaa tena. Sasa hasara imepanda ngazi: si jino, ni adapta, na adapta haivikwi, inachomelewa. Inabidi ya zamani ikatwe kwa gesi, mdomo wa baketi usawazishwe kwa gurudumu la kusagia, vyuma vyote viwili vipashwe moto hadi zaidi ya nyuzi 150, vichomelewe kwa fimbo za 7018 zilizokaa kavu, kisha viachwe vipoe polepole. Katika masika ya Machi hadi Mei, fimbo iliyoachwa wazi usiku kucha hunyonya unyevu, na unyevu huo huingia kwenye weldi na kuipasua kutoka ndani, pengine siku ya tatu. Wakati huo malori yamepanga foleni na saa za mtambo zinahesabiwa.

Kwenye machimbo ya kokoto mambo ni mabaya zaidi. Jino lililodondoka huchotwa pamoja na mawe na kutupwa kwenye mashine ya kusaga. Jiwe husagika, jino halisagiki. Mashine inakwama na nguvu yote ya injini imefungiwa ndani ya taya. Kulitoa jino lililobanwa hivyo ni miongoni mwa kazi za hatari kabisa machimboni, kwa sababu linaweza kuruka kama risasi. Kuna machimbo yanayofunga sumaku au kitambua chuma juu ya mkanda. Yasiyonavyo yanategemea macho ya opereta na bahati.

Tiba ya mtaani inajulikana: pini ikipotea, weka kipande cha nondo, ukipinde kwa nyundo, au lichomelee jino moja kwa moja kwenye adapta. Nimeona watu makini wakiitetea njia hii kwa hoja kwamba kazi haiwezi kusimama. Hoja ina nguvu ukiwa porini saa kumi jioni na umebakiza malori mawili. Haina nguvu ukiwa nusu saa kutoka dukani. Nondo ni chuma laini, itakatika kwa kupindwapindwa. Kuchomelea ni kubaya zaidi, kwani jino limepata ugumu wake kwa kupashwa moto na kupozwa kwa vipimo. Joto la weldi linaondoa ugumu huo karibu na mshono na kuacha ukanda mwembamba unaovunjika kama kigae. Jino litalika upesi, na kuliondoa itabidi ukate kwa gesi, ukikata na sehemu ya pua. Umeokoa pini ukaua adapta.

Kuna njia ya kati ambayo naiheshimu zaidi: kukereza pini. Mafundi wa mashine za kukerezea hawakosekani Kigali, na vituo vya ufundi kama Agakiriro ka Gisozi vimejaa watu wanaoweza kutoa pini yenye kipimo sahihi kwa muda mfupi. Tatizo liko kwenye malighafi na moto, mkono hauna kosa. Pini iliyokerezwa kwa chuma cha kawaida kichwa chake hufumuka kwa nyundo na mwili wake hupinda. Iliyokerezwa kwa ekseli ya lori lililochakaa ni bora, lakini bila kupikwa tena hakuna anayejua ugumu wake. Ikiwa ngumu mno, hukatika ghafla. Pini nzuri ni laini kidogo kuliko jino, na ukaidi wake ni wa kupinda bila kukatika. Hapo ndipo naona nafasi ya biashara ambayo Rwanda inaiacha. Kumimina meno ni kazi ya viwanda vyenye mtaji mkubwa, na sioni sababu ya kushindana na Ningbo. Kutengeneza pini kunataka mashine ya kukerezea, tanuri dogo lenye kipimo cha joto, chombo cha kupima ugumu, na chuma cha aloi chenye cheti. Chuo cha ufundi kiko hapo hapo Kicukiro, na Shirika la Viwango la Rwanda liko wilaya hiyo hiyo. Umbali kati ya ujuzi na soko ni wa kutembea kwa miguu.

Kuhusu ubora wa jino lenyewe, Kigali haina tofauti na Dar au Nairobi: orijino ipo, mbadala nzuri ipo, na feki ipo, wakati mwingine zote tatu kwenye rafu moja na rangi moja ya njano. Utasikia jino likisifiwa kwamba ni “manganizi tupu”. Usiridhike. Chuma cha manganizi, alichokivumbua Robert Hadfield wa Sheffield mwaka 1882, kinafaa taya za mashine za kusaga mawe, kwa kuwa hukazika kinapogongwa kwa nguvu nyingi. Jino la eskaveta ya kawaida halipati kipigo cha kutosha kukikazisha, kwa hiyo meno ya leo ni chuma cha aloi kilichopikwa, chenye ugumu wa karibu 45 hadi 52 kwa kipimo cha Rockwell. Sumaku hulishika jino hilo vizuri. Manganizi halisi haishikwi. Pitisha tupa yenye meno makali pembeni mwa jino: ikila kwa shida ni dalili njema, ikila kama inavyokula nondo, rudisha. Kisha pima uzito. Jino la saizi moja na umbo moja linalopungua gramu mia kadhaa kuliko mwenzake lina uvungu mahali.

Watengenezaji wakubwa wamekwisha kuona kwamba tatizo liko kwenye kufunga. ESCO, kampuni iliyoanza Portland, Marekani, mwaka 1913 na kununuliwa na Weir ya Scotland mwaka 2018, ina mifumo ambayo loki imo ndani ya jino na haihitaji nyundo. Caterpillar nayo, katika mfumo wake wa Advansys, hufunga kwa kuzungusha loki nusu duara kwa spana ya kawaida. Faida ya kwanza ni macho ya watu: nyundo ya chuma kigumu juu ya pini ya chuma kigumu hurusha vibanzi, na fundi asiyevaa miwani anacheza kamari na jicho lake. Faida ya pili ni muda. Je, mifumo hiyo inafaa kwa mwenye eskaveta moja ya mtumba Gikondo? Kwa sasa, hapana. Itamlazimu kubadili adapta zote, na siku akikosa jino la mfumo huo hatalipata kwa jirani. Mfumo wa zamani una ubora mmoja usioandikwa kwenye vitabu: spea zake ziko kila mji kuanzia Kigali hadi Mombasa. Mkandarasi mwenye mitambo kumi na karakana yake afanye hesabu nyingine.

Limebaki suala la nani analipa. Mitambo mingi hapa hukodishwa kwa saa pamoja na opereta. Mkodishaji anapata pesa ileile, uchimbe mchanga au uchimbe mwamba, lakini meno yanayolika ni yake. Aliyeukodi mtambo hana sababu ya kuyaonea huruma. Opereta naye halipwi zaidi kwa kushuka kukagua pini asubuhi. Pande tatu, na hakuna hata mmoja ambao pini iko kwenye hesabu yake. Mikataba inayotaja aina ya ardhi, na kuweka bei moja kwa udongo na nyingine kwa mwamba, ingemaliza nusu ya ugomvi huu. Nusu nyingine ingemalizwa na desturi rahisi: kugeuza jino lenye sura mbili sawa likifika nusu ya umri wake, kuhamisha ya pembeni yaende katikati kwa kuwa ya pembeni huisha haraka, na kulibadili jino kabla halijatoboka hadi kwenye pua.

Wenye mitambo, basi, mnapokwenda Gikondo kuagiza, andikeni jino, pini na loki katika mistari mitatu tofauti, kila mmoja na namba yake, na msikubali risiti yenye mstari mmoja. Muuzaji atakayeona pini ikiulizwa kwa namba mara kumi kwa wiki ataiweka kwenye rafu. Na kila asubuhi kabla injini haijawashwa, opereta ashuke na kuhesabu meno. Ni matano tu.